Pua ya Kuazima

Musombwa hufika Alhamisi, matope ya Bunyakiri hadi magotini,
furushi kichwani, majani ya mgomba na kamba.
Hapandi vilima vya Kadutu kwa haraka, anajua namngoja.
Anatua mzigo, anaomba maji,
anaanza na bei ya chumvi.

Ndipo anafungua.

Utomvu wa mubafu: mabonge meupe kama maziwa yaliyoganda,
mengine ya manjano, mengine na gome, na mbawa za sisimizi.
Wenye pua zao huinama. Mimi siinami.
Pua yangu ilikufa mwaka wa ile homa,
ikazikwa bila matanga, mwenyewe ningali hai,
na miezi mitatu sikumwambia mtu;
niliuza kwa mazoea, kama kipofu nyumbani kwake.

Sasa nanunua kwa meno.
Utomvu mwema huvunjika mkavu, kisha hulegea.
Uliotiwa nta ya mshumaa huteleza.
Wa msonobari hunata jinoni hadi jioni, hata uji hauutoi.
Na kwa sikio: natupa punje juu ya kaa, katika mbabula.
Ukipiga kelele, una maji, uliokotwa siku ya mvua.
Ukinyamaza, ukayeyuka taratibu
kama mtu anayekubali kosa,
nalipa.

"Hapa ulichanja kwa panga," namwambia. "Tena kwa pupa."
Anacheka, anajikuna shingo.
Mti uliokatwa hivyo hutoa mwingi mwaka huu,
mwaka ujao hutoa mchwa.
Anajua. Ana watoto sita, nao wanakula mwaka huu.
Namkata franka elfu moja, namrudishia mia tano
kwa ajili ya magoti yake.

Kisha ungo, juani, siku Bukavu ikikumbuka kuwa na jua.
Natoa gome kwa sindano ya kushonea magunia.
Naponda nikiwa nimekaa, mkono mzito, pigo fupi,
nisipate unga: unga huungua, haufukizi.
Nataka punje kama za mtama.
Kivumbasi kikavu, konzi moja.
Maganda ya ndimu za Idjwi, nusu konzi, au yasiwepo kabisa.

Hapo ndipo namwita Ntakwinja, mtoto wa jirani, miaka tisa,
mshahara wake andazi moja, la moto.
Anafumba macho juu ya moshi.
"Hii inanuka daftari jipya."
Naongeza kivumbasi.
"Hii, shuka ya hospitali."
Napunguza.
Ya tatu hasemi kitu. Andazi linapoa mkononi.
"Hii ni koti la Baba," anasema,
na Baba yake yuko Kamituga, machimboni, mvua ya pili hii.
Hiyo ndiyo niliyofunga kwenye vikaratasi.

Zihindula wa sakristia alikuja na masalio ya mishumaa ndani ya kopo.
"Changanya, Mama, tuongeze uzito. Moshi ni moshi.
Nani atajua? Hata wewe husikii."
Nilimpa kopo lake.
Nilimpa pia kiti, maana ngazi zilikuwa zimemchosha,
na hatukuzungumza tena hadi alipoondoka.
Pasaka hii wananunua kwingine.

Usiku nafukiza punje moja, ya kwangu.
Ntakwinja amekuja kuazima chumvi, anasimama mlangoni.
"Na wewe, unasikia nini?"

Lugha yetu ina huruma hapo:
harufu haionjwi wala haishikwi, husikika.
Basi nategea sikio.
Mvua juu ya bati. Mtoto wa mtu akikohoa ng'ambo ya ukuta.
Kaa linajigeuza.
Punje haisemi neno.

"Nasikia ni nzuri," namwambia.
"Chukua chumvi. Funga mlango, upepo unaiba moshi."